Mtabiri Asiyeahidi

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu. Binti mwenye gauni la kijivu alikuwa kwenye foleni akimuuliza muuzaji bei ya balbu, ndipo kijana wa mbele yake, ovaroli lote madoa ya rangi, akageuka.

"Sauti hiyo! Wewe ndiye wa hali ya hewa redioni. Umeniloweshea ukuta mzima!"

"Nilisema mvua haitarajiwi. Sikusema haitanyesha."

"Sasa dada, ukuta wangu utajuaje tofauti hiyo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu amzike mama yake.

Kazi yake kwa Kiingereza huitwa forecast, yaani kutazama dalili za leo na kueleza yanayotarajiwa kesho. Anayelitumia neno hilo vizuri haahidi kitu. Daktari aliahidi kwamba mama atapona. Hakupona. Tangu hapo binti hakuahidi lolote, hata nje ya studio.

Kijana yule, fundi rangi, akaomba namba yake, akawa anampigia kila jioni.

"Kipenzi, umenikumbuka?"

"Kuna dalili."

"Dalili? Kwani mimi malaria?"

Jioni moja hakutania. "Mama yangu anataka kukuona Jumamosi. Utakuja?"

"Inatarajiwa."

"Mpenzi, nataka kukuposa, siulizi kama nibebe mwavuli. Utakuja?"

"Nimeshajibu."

"Basi nimeelewa. Hunitaki."

Simu ikakatwa. Binti hakulia. Alikula, akaosha sahani, akapiga pasi gauni lake la kijivu. Siku zilizofuata alisoma habari za jua na mawingu kwa sauti ileile, na jioni simu ikawa kimya. Ijumaa, alipovua vipokea sauti, alijiona yuko vilevile alivyokuwa siku ya mazishi, amekaa, anangoja kuambiwa la kufanya. Akapiga yeye.

"Kesho nitakuja."

Upande wa pili brashi ilisikika ikikoma ukutani. "Inatarajiwa?"

"Hapana. Nitakuja, inyeshe isinyeshe."

"Na nikikuposa mbele ya mama?"

"Nitakubali."

"Sema tena, mpenzi, nishuke kwanza kwenye ngazi."

"Nitakubali."

Alisubiri furaha imjie. Haikuja, kifua kilikuwa kizito kama jana. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani alijikuta anawaza ni viatu gani vitaendana na gauni lake la kijani, ambalo hakuwa amelivaa tangu msiba.