Boksi Lililowahi Kufunguliwa

Jumamosi saa sita mchana jengo la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi. Watu walipigana vikumbo kati ya vibanda vya simu, nyaya zilining'inia kila upande, na kila duka lilikuwa limefungulia muziki wake. Katikati ya vurugu hiyo alitokea msichana aliyekumbatia bati jeusi kifuani. Gauni lake la rangi ya haradali lilifika kwenye vifundo vya miguu, penseli mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye nywele, na viatu vyake vya turubai vilikuwa na madoa ya wino. Bati lile lilikuwa ubavu wa kompyuta. Alikuwa ameufungua kwa bisibisi na kuja nao.

Fundi wa duka la ghorofa ya pili, kijana mrefu ambaye shati lake lilinyooshwa vizuri kuliko kazi yake ilivyohitaji, alimwona tangu akiwa mbali. Wateja waliobeba kompyuta nzima aliwazoea. Aliyeleta ubavu tu alikuwa hajapata kumwona.

"Kompyuta yenyewe umeiacha wapi, dada?"

"Nyumbani, nzito. Nimekuletea mlango, ukubwa wa nyumba utaujua mwenyewe."

Fundi akacheka, na tuseme ukweli, hapo ndipo alipokwisha.

Msichana akamweleza shida yake. Alikuwa mchoraji wa katuni. Kwa miaka mitatu alikuwa akitengeneza filamu ya dakika ishirini, peke yake, picha kwa picha, na mwezi uliofuata alitakiwa kuipeleka kwenye mashindano. Lakini prosesa ya kompyuta yake ilichemka mpaka mashine ikajizima katikati ya kazi. Alitaka kipozeo cha maji, kile kinachokuja kimeshakamilika kiwandani, pampu na mipira yake miwili na rejeta yenye feni, ambacho mtu anakifunga na kukisahau.

Fundi akaona amepata jukwaa. Akamwambia asichague kwa mataa wala kwa urembo wa boksi. Aangalie kwanza prosesa yake inatoa joto kiasi gani, kisha nafasi iliyopo kwenye paa la kasha, kisha ukimya wa pampu, maana feni huzoeleka lakini pampu inayolia haizoeleki. Kwa kazi yake, rejeta ya feni tatu ingefaa zaidi. Msichana akatoa mkobani futi ya kamba ya mshonaji, wakalilaza bati juu ya kaunta na kulipima, vichwa vikikaribiana. Sentimita thelathini na nane. Rejeta ya feni tatu ilitaka arobaini.

"Basi ni feni mbili," alisema fundi, akainua macho kwenye rafu.

Cha feni mbili kilibaki kimoja tu dukani, na yeye alikijua. Mwezi mmoja kabla, mteja alikirudisha akidai amekuta unyevunyevu kwenye kiungo, pale mpira unapoingia kwenye pampu. Fundi alikiwasha siku tatu mfululizo juu ya karatasi nyeupe, na karatasi haikulowa. Bosi akasema mteja ana wenge, kirudi kwenye boksi. Fundi mwenyewe ndiye aliyelifunga boksi lile kwa gundi, kwa ustadi, mpaka lisijulikane kama liliwahi kufunguliwa.

Msichana alikuwa ameshageuka kutazama duka la upande wa pili wa korido. Akauliza kama wale wanavyo.

"Hapa kipo kimoja," fundi akasema haraka.

"Kipya?"

"Kipya."

Alilisema neno hilo kwa sababu bila hilo msichana angevuka korido, na gauni lile la haradali lingepotelea kwenye umati.

Jioni ileile alikwenda kukifunga. Mchoraji aliishi vyumba viwili na mama yake, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa chini ya dirisha na kompyuta ya binti ikakaa ukuta wa pili, hivyo wakifanya kazi walipeana migongo. Fundi alipoamkia shikamoo, mama aliitikia marahaba huku macho yamegota kwenye kola yake.

"Nani kakunyooshea?"

"Mwenyewe, mama."

"Mh," mama akasema, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kipozeo kilifanya kazi vizuri. Joto likashuka mpaka digrii hamsini na nane, mchoraji akapiga makofi mara moja kama mtoto, kisha akaona haya. Fundi alitoka mle akiwa mwepesi. Alipofika barabarani tu, wasiwasi ukamrukia: karatasi ya siku tatu ni kitu gani mbele ya kazi ya miaka mitatu?

Asubuhi iliyofuata akapiga simu kuuliza joto limefika ngapi. Akapiga na kesho yake, na keshokutwa. Mchoraji alidhani ni gia ya kumtongoza. Baada ya juma moja akawa yeye ndiye anayesubiri simu.

"Wenzako huuliza umeamkaje, umekula nini," alimtania. "Wewe kila siku joto ngapi, joto ngapi. Unanipenda mimi au prosesa?"

"Wewe, mpenzi. Ila niambie ngapi."

"Sitini na moja. Umeridhika?"

Hakuridhika. Walikuwa wameshaanza kutembea pamoja kila Jumapili, mchoraji na viatu vyake vya wino, fundi na mashati yake, na kila alipomshika mkono fundi alijiambia leo namwambia. Halafu mchoraji angecheka, au angeegemea bega lake, naye angeahirisha. Alijua hesabu yake vizuri. Akisema, atampoteza. Asiposema, siku moja tone litaangukia kadi ya picha, diski iliyobeba filamu imekaa chini ya kadi hiyohiyo, na miaka mitatu itakwenda na moshi. Nakala nyingine haikuwepo, kwa kuwa diski ya akiba ya mchoraji ilianguka na kufa, na mpya alikuwa hajanunua. Mapenzi yalimtia fundi woga, na woga ukamtia ujinga.

Wiki ya tatu joto likafika sitini na sita. Ya nne, sabini na moja.

"Halafu imeanza kugugumia," mchoraji akasema kwenye simu. "Kama mtu anasukutua. Ni kawaida hiyo?"

Fundi aliujua mlio huo. Kugugumia maana yake hewa imeingia kwenye pampu. Na hewa ikiingia, maji yametoka, kidogokidogo, mahali fulani.

"Ni kawaida," akasema. "Nitakuja kutoa vumbi."

Alimwendea bosi kutaka cha kubadilisha. Bosi akamjibu kwamba mzigo mpya utafika baada ya wiki mbili, na kwamba mteja asiyelalamika ni mteja mzima. Wiki mbili zilikuwa mbali mno, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na mchoraji alipanga kuivisha filamu kesho yake. Kuivisha ndilo neno lake mwenyewe la ile kazi ya mwisho, pale kompyuta inapounganisha picha zote kuwa filamu moja, kwa muda wa saa kumi na mbili bila kupumzika, kwa nguvu zake zote.

Basi fundi akatia mkobani diski tupu akaenda. Alifungua ubavu, akamulika kiungo kwa tochi, akaona ukoko mweupe mwembamba umeganda kwenye mpira, alama ya maji yaliyovuja na kukauka. Mchoraji alikuwa jikoni anachemsha chai na mama alikwenda kupeleka nguo za mteja. Fundi akafikiri kama mtu aliyebanwa anavyofikiri: achomeke diski, ainakili filamu yote kimyakimya, baadaye lolote na litokee. Akachomeka.

Mchoraji akaingia na vikombe viwili. Kwenye kioo aliona filamu yake inahamia kwenye diski asiyoijua, asilimia nane, asilimia tisa.

Ni lazima ieleweke kwamba msichana huyu alishaibiwa. Kazini kwake kwa zamani mwenzake alinakili michoro yake na kuipeleka kwa jina lake mwenyewe, tena huku wakinywa chai pamoja. Fundi aliambiwa kisa hicho siku ya Jumapili yao ya pili, na alimkumbatia alipokisimulia.

"Unafanya nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi alifungua mdomo. Angesema tu: kipozeo kinavuja. Maneno mawili. Lakini nyuma yake lilisimama lile neno la kwanza, kipya, na hili lisingetoka bila lile kufichuka.

"Nilidhani wewe si wao," mchoraji akasema. Akaichomoa diski, akamtupia mkobani, akamfungulia mlango. Fundi akatoka. Ubavu wa kompyuta hakuurudisha, na ukweli hakuusema.

Jumapili saa tatu asubuhi alipiga simu mara kumi na nne. Ya kumi na tano haikuita kabisa, alikuwa ameshafungiwa. Ujumbe nao haukufika. Alijua kwamba saa hiyo filamu imewekwa kuiva na prosesa inaunguruma, na ule ukoko mweupe unalowa. Akateremka mbiombio mpaka barabarani, akaona kufika kwao ni mwendo wa saa nzima. Akabaki na namba moja tu ambayo hakutaka kuigusa, namba ya mama mshonaji, aliyokuwa amepewa ili siku moja ampelekee mashati apunguze mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una ujasiri, mwanangu. Mtoto kalia usiku kucha, sasa kaenda dukani na macho yamevimba."

"Mama, kompyuta inafanya kazi?"

"Inakoroma hapa nyuma yangu."

"Kavute waya ukutani."

Cherehani ikasimama. Kisha mama akasema taratibu kwamba alikatazwa hata kupita karibu na waya ule, kwamba ukichomoka kazi inaharibika, na mtu aliyemkataza ni mwanawe wa kumzaa, wakati anayemwambia avute ni mtu aliyekutwa jana anaiba. Amtii nani, na amwamini nani?

Fundi akafumba macho. Watu walikuwa wanampita kushoto na kulia, na yeye alikuwa analia hadharani bila kujali.

"Sikuiba, mama. Nilimuuzia kitu kibovu. Kiliwahi kurudishwa, nikakifunga mwenyewe, nikamwambia kipya. Kinavuja. Nimejua tangu siku ya kwanza kwamba huenda kikavuja, nikanyamaza kwa sababu nilimtaka. Nitukane baadaye. Vuta waya."

Akasikia kiti kikiburutwa. Akasikia ule mngurumo, aliokuwa ameusikia kwa mbali bila kutambua, ukikatika.

Mama hakukata simu. Alisema kwamba anachukua kipande cha kitambaa cheupe, anakipitisha chini ya ule mpira. Fundi akahesabu pumzi za mama kwenye simu.

"Pana maji," akasema mama. "Duara kama la kifungo cha koti." Akavuta pumzi. "Usije hapa leo, mwanangu. Sijui nitakufanya nini."

Diski ilisalimika. Filamu iliivishwa kwenye kompyuta ya ofisi ya rafiki yake mchoraji, ikafika kwenye mashindano siku ya mwisho. Hayo fundi aliyapata kwa mama, kwa ujumbe mfupi usio na salamu. Kwa binti hakupata neno. Siku zikawa tano, zikawa kumi na tano. Aliokoa filamu, na kila akifikiri hivyo alikumbuka nani aliyeitia hatarini. Dukani alichukua kalamu nene akaandika KILIRUDISHWA juu ya kila boksi lililowahi kufunguliwa. Bosi akafoka kwamba anaua biashara. Fundi akamwambia amfukuze akipenda, na bosi, aliyejua kwamba fundi wa aina yake hapatikani kirahisi, akaondoka akinung'unika.

Siku ya kumi na sita mchoraji akatokea mlangoni. Gauni jeusi, nywele zimefungwa kwa kitambaa, uso mkavu. Salamu aliitoa kama kwa mtu baki.

"Nataka kipozeo cha feni mbili."

Fundi akateremsha kimoja kutoka kwenye mzigo mpya. Akakifungua mbele yake, akamwonyesha kila kiungo, akamwachia avute mipira kwa mikono yake mwenyewe.

"Hiki nacho kina ubaya gani?"

"Kitakufa," akasema fundi. "Miaka mitano, ukibahatika sita. Hata kisipovuja, maji hupungua yenyewe kwenye mpira, taratibu, huoni. Hakuna cha milele. Ukitaka cha kudumu, chukua kile cha chuma na feni, kina kelele lakini hakina maji ya kumwagika."

"Siku ile mbona hukuniambia yote haya?"

"Nilitaka urudi."

Macho ya mchoraji yalijaa, akayakausha kwa kiganja kwa hasira.

"Umeniumiza kuliko yule mwizi wa michoro. Yule sikumpenda." Akakisogeza kipozeo cha maji upande wake wa kaunta. "Nachukua hiki. Kikifa baada ya miaka sita, nani atakuja kukibadilisha?"

Fundi alielewa anaulizwa nini, na alielewa pia kwamba safari hii akidanganya hata kidogo hatapewa nafasi nyingine.

"Mimi, ukinikubali. Na si kwa kuja. Niwe nipo palepale."

"Mama ameshasema hapana."

"Na wewe?"

Alichukua boksi akalikumbatia kifuani, watu wakipita nyuma yake.

"Kila mwezi nitafungua ubavu na kumulika kwa tochi," akasema hatimaye, bila kutabasamu. "Na wewe nitakumulika hivyohivyo, maisha yako yote. Utaweza kuishi unamulikwa?"

"Nitaweza."

"Basi twende kwa mama," akasema. "Utangulie wewe."