Mfumaji Asiye na Pua

Dereva wa lori la anga aliletwa akiwa amejishika kifua, jasho likimtiririka, na kabla mkewe hajamaliza kutaja jina lake Mfumaji alikuwa ameshachukua tone la damu kwenye ncha ya kidole chake. Kioo kikubwa ukutani kikawaka.

"Moyo," ilisema sauti tulivu ya mashine. "Mshipa mmoja umeziba. Nafuma."

Watu waliokuwa kwenye mabenchi ya Jumba la Tiba la Amboni Mpya wakanyamaza, maana hata aliyezoea kuiona kazi ile hakuchoka kuitazama. Nyuma ya kioo, katika matangi yaliyosimama pale ulipokuwa ukianikwa mkonge zamani, hamira iliyofundishwa kazi ilianza kutoa povu. Haikuwa ikiumua maandazi. Ilikuwa ikitengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kipimo cha mtu yule na mshipa ule. Dawa ikapita kwenye mrija mwembamba hadi mkononi mwa dereva. Haukupita muda akaketi, akajifuta uso, akauliza kama mle ndani wanauza mihogo ya kukaanga. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mkewe akalia kwa furaha.

Dkt. Hidaya Shemdoe, aliyeibuni mashine ile, alikuwa amesimama kando akijifanya hajali. Uongo mtupu. Raha ilikuwa imemjaa hadi kwenye kucha.

Wanafunzi wake aliwaeleza hivi: kila kiungo cha mwili kina vimeng'enya vyake, vijifundi visivyojua kupumzika. Moyo ukiumia, vya moyo humwagika kwenye damu. Ini likiumia, vya ini. Ni sawa na unga unaovuja njiani. Ukijua ni sembe au dona, unajua gunia la nani limetoboka. Na kama mtu amezaliwa bila kimeng'enya fulani, Mfumaji alikifuma na kumtilia mwilini. Kupima na kutibu vikawa kazi ya mashine moja.

Ili kupata kasi hiyo Hidaya alikuwa amekata kitu kimoja tu, nayo ni maswali. Zamani daktari alivuta kiti akauliza umekula nini, umelala wapi, nyumbani mna mgeni gani. Mgonjwa naye akaanza safari ya maneno isiyo na mwisho. "Damu haisahau wala haitii chumvi," Hidaya alipenda kusema. Akayafuta maswali yote, na hakuna aliyemlaumu.

Ndipo mdogo wake Mbaraka alipokuja na mtoto.

"Dada, mwanangu kawa manjano," alisema akihema. "Macho, mikono, kote. Na hanyonyi." Nyuma yake alikuja mkewe Salha, akitembea kwa taabu ya uzazi, na nyuma ya Salha Bi Siwema, mama yao Hidaya na Mbaraka, ameshika kikapu kilichofunikwa vizuri.

Mfumaji alichukua tone kwenye kisigino cha kichanga. "Chembe nyekundu za damu zinavunjika. Kimeng'enya cha kuzilinda hakimo. Nafuma."

Hidaya akashusha pumzi. Jambo lile lilijulikana sana pwani. Watoto wengi wa kiume hurithi upungufu huo kwa mama zao, na wengine huzeeka bila kujua kama wanao. "Msiwe na wasiwasi," aliwaambia. "Hii kwa Mfumaji ni kazi ya kitoto." Na kweli, kufikia alasiri umanjano ulianza kufifia, Salha akatabasamu, Mbaraka akawapigia simu ndugu wote mpaka wa Lushoto.

Kesho yake, baada ya muda wa kuona wagonjwa, damu ya mtoto ikaanza kuvunjika tena.

Mfumaji alifuma zaidi. Asubuhi hali ikawa nzuri. Mchana, ndugu walipoondoka, ikaporomoka. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na mbaya zaidi. Umanjano ungepanda kidogo tu ungefika kwenye ubongo, na hapo mtoto angepoteza masikio au akili, kama angepona. Njia iliyobaki ilikuwa kumbadilishia damu yote, naye alikuwa mdogo kiasi kwamba madaktari walipoitaja njia hiyo waliangalia chini.

"Kwa nini inavunjika?" Hidaya aliiuliza mashine yake.

"Kuna kinachozishambulia chembe. Mimi nasoma vimeng'enya. Kingine sikifahamu."

Hakuwahi kuisikia ikisema hivyo. Akavua koti jeupe, akalitupa kitini, akaingia chumbani. Tangu mtoto aletwe alikuwa akimtazama kwenye kioo tu, kwa tarakimu na rangi; hata kumbeba hakumbeba. Sasa akamnyanyua kama shangazi yeyote anavyomnyanyua mtoto wa kaka yake au mdogo wake, akamweka kifuani, akainamisha uso kwenye shingo ile laini.

Akasikia harufu ya Idi.

Ilikuwa harufu ya utoto wake: nguo mpya zikitolewa sandukuni, zinakereketa pua, unavaa hivyo hivyo kwa furaha. Akalipekua shuka la hospitali. Chini yake, imemzunguka mtoto mwilini, ilikuwepo kanga ya zamani iliyochujuka.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

Bi Siwema alimkazia macho. "Mtoto anatutoka, wewe unaniuliza kanga?"

"Mama, nakuomba."

"Sandukuni, wapi tena? Ndiyo niliyokupokelea wewe, nikampokelea na baba yake huyu. Tangu siku aliyozaliwa namvika hiyo. Lile roboti lenu la kubadilisha nguo linamvua kila asubuhi, linamfunga mashuka yasiyo na mwenyewe. Mimi nikija namrudishia."

"Umeifua?"

"Nguo ya kupokelea kwetu haifuliwi mpaka arobaini! Unataka tumwoshe harufu ya ukoo?"

"Na vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu bado unaviweka?"

"Madukani wamevipiga marufuku, ila mimi nina akiba yangu. Au niache nondo wale kanga za watu?"

Hidaya alikuwa ameshaivua ile kanga. Akampa muuguzi aitoe nje, akamwagiza mwingine amwoshe mtoto kwa maji vuguvugu, kisha akakimbilia ukumbini bila viatu, wagonjwa wakimpisha.

"Mfumaji! Sumu yenyewe ni naftalini, ya vidonge vya nondo. Inaingilia kwenye ngozi na pumzi."

"Taarifa hiyo sikuwa nayo."

"Sasa unayo. Udongoni kuna bakteria wanaoila. Chukua kimeng'enya chao, kifume upya kwa kipimo cha kichanga, kikate sumu na mabaki yake yote. Na kile cha kulinda chembe usikiache."

Kazi hiyo hakuna mashine iliyowahi kuifanya popote. Sauti tulivu ikasema, "Nafuma," na hamira ikapanda povu hadi kwenye vifuniko. Mafundi waliokuwa zamu wakapiga makofi kama wako uwanjani.

Hidaya alimkuta mama yake amechuchumaa ukumbini nje ya chumba, ushungi umemfunika uso. "Nimemuua," alikuwa akisema. "Nimemuua kwa mikono yangu."

"Hujamuua, Mama." Hidaya akakaa sakafuni karibu naye. "Daktari wa zamani angekuuliza siku ile ile mliyoingia, na wewe ungemjibu. Mimi ndiye niliyeyafuta maswali." Akayasikia maneno yake mwenyewe, akawafikiria wote waliopita mbele ya kioo kile bila kuulizwa lolote, na wale ambao hawakurudi. Akalia bila kujificha.

Siku hiyo hiyo aliamuru kiti kiwekwe mbele ya Mfumaji, akae mtu wa kuuliza na kusikiliza kwanza. Wauguzi walilalamika kwamba foleni itakuwa ndefu. Akawajibu kwamba iwe.

Umanjano haukupanda tena. Kesho yake ulishuka, na baada ya muda wa kuona wagonjwa uliendelea kushuka. Lakini Bi Siwema hakukubali kumgusa mjukuu. Alisimama mlangoni na gauni jipya la dukani, amekoga mpaka ngozi inang'aa.

"Ninusie kwanza," alimwambia Hidaya. "Sina harufu?"

"Unanukia sabuni, Mama. Njoo."

Akamwekea mtoto mikononi. Kichanga akafumbua macho, meupe kabisa, akamtazama bibi yake, akakunja uso, kisha akamkojolea gauni lote. Tangu alipoletwa mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, kwa sababu ya damu iliyokuwa ikivunjika. Huu ulikuwa mweupe kama maji ya mtungi. Hidaya aliuona, Salha akauona, na Bi Siwema, aliyekuwa hajui sayansi yao lakini alijua nyuso za wanawe, akapiga kigelegele kilichowaamsha wagonjwa wa wodi nzima.