Wanaojua Kuamkia

Dorotea alishuka kwenye treni pale Pickering saa kumi na nusu jioni, na jua lilikuwa limeshaanza kuaga. Novemba ya Toronto haina aibu. Unakunywa chai ya mchana, ukigeuka kuweka kikombe, giza hilo. Lakini hakuwa na wasiwasi, maana alikuwa amefuata karatasi moja tu. Aichukue, asaini, arudi kwake Flemingdon Park akapike.

Wakala wao wa mikopo, kijana aitwaye Shamez, alimpigia mchana akiwa kazini, kwenye makao ya wazee anakotunza wagonjwa.

"Dada Dorotea, bank wanataka majina ya watu wazima wote watakaokaa kwenye ile nyumba. Bi Gulshan ameshasaini sehemu yake. Nipate kesho, please, la sivyo faili lenu wanaliweka pembeni."

Pembeni! Wiki tatu walikuwa wanasubiri benki iseme ndiyo au hapana, na kila simu ikilia moyo unapiga paa. Mwenye fleti yao, ghorofa ya kumi na nne, alikuwa ameitaka amwingize mwanawe, na notisi ilisema mwisho tarehe thelathini. Leonce, mumewe, alishapanga maboksi ukutani. Binti yao Sara, miaka minane, alikuwa akifanyia kazi za shule juu ya maboksi hayohayo. Benki ikikataa, hawana pa kwenda.

Na nyumba yenyewe walikuwa wananunua nusu tu. Nusu ya pili inabaki kwa Bi Gulshan, mjane wa Kiismailia mzaliwa wa Shinyanga, aliyesema amechoka kukaa peke yake. Juu wangekaa wao, chini yeye, jiko moja. Watu sita wenye mishahara minono waliitaka kabla yao, na bibi aliwakataa wote. Siku ya kwanza Dorotea alipoingia mle, saa tano asubuhi, alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, bibi." Bi Gulshan alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlenga.

"Marahaba, mwanangu. Canada hii mtu haamkii mtu. Wewe umelelewa." Akamgeukia Shamez. "Ni hawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Njia nzima ya kurudi Leonce alijigamba kwamba mkewe kawapatia nyumba kwa shikamoo. Naye Dorotea alimkumbuka mama yake, aliyekuwa hachoki kusema heshima si utumwa, tena ni kitu cha bure.

Kitu cha bure... Ngojeni.

Ujumbe wa Bi Gulshan ulisema hivi: *Magharibi nakuwa jamatkhana kusali. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Karatasi juu ya meza ya jikoni. Usikae.* Dorotea alidhani bibi anamhofia kuachwa na treni.

Aliingia, akavua viatu mlangoni. Nyumba ilikuwa kimya. Hita tu ilikuwa ikinguruma huko besimenti, chini ya sakafu.

Ndipo akaisikia harufu.

Vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza.

Nje barafu ilikuwa imeganda kwenye majani, na madirisha yote yamefungwa. Lakini ndani ya nyumba ile kulinukia Karagwe, uwanja wa kwao, mwezi wa tisa. Dorotea hakuogopa. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Hakuogopa, alitamani kwao.

Sebuleni, kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo, alikaa mzee. Aliona kisogo, mkono mmoja juu ya egemeo, na miguu iliyovaa ndala. Alidhani ni ndugu wa Bi Gulshan, amekuja kumtembelea. Na mtu aliyelelewa hapiti nyuma ya mzee kama anayepita nyuma ya kabati.

"Shikamoo, mzee."

Hita ikazima.

Kimya...

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alikuwa hatua kumi mbele yake. Sauti ilitokea nyuma ya sikio lake.

"Mnahamia lini?" iliuliza, polepole.

"Tunasubiri... tunasubiri benki, mzee."

"Watakubali. Na kesho utaniamkia?"

"Mungu akipenda."

Vidole vilivyokuwa vikigonga egemeo vikatulia.

"Sikumuuliza yeye. Nimekuuliza wewe."

Dorotea hakumbuki alijibu nini. Anakumbuka kuinyakua karatasi jikoni, na kugeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Ndala zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri, zikimwelekea yeye.

Mlango ulikataa. Aliuvuta, akausukuma, akauvuta tena, na harufu ya mvua ikimjaa kooni mpaka akakohoa. Ulipofunguka aliangukia nje na soksi zake. Giza lilikuwa zito. Alitazama simu. Saa moja na nusu! Mle ndani alikaa dakika tano, ukizidisha sana saba.

Gari la jirani lilisimama, Bi Gulshan akashuka. Alimtazama Dorotea usoni, akamtazama miguu.

"Umemwamkia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ni nani yule, bibi? Ni marehemu mumeo, mzee Madatali?"

"Laiti angekuwa Madatali wangu."

Bibi aliketi kwenye ngazi ya baraza, juu ya barafu, na koti lake zuri. Alisema kwa kunong'ona, kama mtu anayemchelea aliye nyuma ya mlango.

"Tulimkuta humu. Siku tuliyopewa funguo Madatali alitangulia kuingia, akaona mzee kwenye kiti, akamwamkia, kama tulivyolelewa Shinyanga. Basi. Tangu hapo kila magharibi anataka salamu yake, popote ulipo. Madatali alimwamkia miaka ishirini na miwili. Hata hospitali. Hata Calgary, kwa binti yetu Shafina."

"Na asipoamkiwa?"

"Anakuja kukuamkia yeye."

Dorotea alijiziba mdomo. Mzee amwamkie mdogo! Hata kulitamka ni mkosi.

"Akikuamkia, usiitikie," Bi Gulshan aliendelea. "Madatali alikuwa na homa siku hiyo, hajui anasema nini. Akaitikia. Siku ya tatu tukamzika. Mimi sijawahi kumwamkia, lakini tangu hapo magharibi sikai humu. Nikikaa nasikia ndala zikipanda ngazi, zinatafuta mtu."

"Kwa hiyo ulitafuta wanaojua kuamkia."

Bibi aliinamisha kichwa.

"Nina miaka themanini na moja, mwanangu. Kila jua likizama nakimbia nyumba yangu mwenyewe... Nilikuandikia usikae."

"Hukuandika kwa nini."

"Hapana," alisema Bi Gulshan, na sasa alikuwa analia. "Sikuandika."

Usiku huo Dorotea aliamua kuichana karatasi. Liwalo na liwe, watalala hata kwenye ukumbi wa kanisa. Alimsimulia Leonce kila kitu, na Leonce, aliyekuwa akifunga buti aende zamu ya usiku ghalani, alimbusu kipajini. "Umechoka, Doro. Benki itatumaliza hii." Siku iliyofuata Shamez alipiga mara tatu, Dorotea hakupokea.

Ikafika magharibi. Leonce amelala chumbani, Sara anachora juu ya boksi, na Dorotea anamenya ndizi.

Pa...

Pa...

Kwenye korido. Ghorofa ya kumi na nne. Ndala, polepole, zikipita mlango wa jirani, zikipita lifti, zikisimama. Chini ya mlango kukaingia harufu ya mvua.

"Mom, who's that?" Sara aliuliza. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote.

Dorotea aliweka kisu chini. Alisogea mpaka midomo ikagusa mbao za mlango.

"Shikamoo," alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mtu aliyeridhika. "Benki bado?"

"Bado, mzee."

Ndala zikaondoka. Hapo Dorotea alielewa kwamba kuichana karatasi hakutamsaidia kitu. Nyumba au bila nyumba, mwenye nayo ameshampata. Alichukua kalamu. *Je, kuna mtu mzima mwingine anayeishi katika nyumba hii?* Akaandika hapana, akaipiga picha, akamtumia Shamez. Mwandiko ulisomeka vizuri.

Siku nane walisubiri. Asubuhi Dorotea aliomba benki ikatae, maana hakutaka mwanawe alale chini ya paa lile. Jioni, akiona maboksi na tarehe, aliomba ikubali. Mungu alikuwa na kazi. Na kila magharibi, mlangoni, swali lilikuwa lilelile.

"Bado?"

"Bado, mzee."

Ijumaa Shamez alipiga. Wamekubaliwa. Leonce alimnyanyua mkewe juu akamzungusha, Sara akacheza sebule nzima. Dorotea alilia, nao wakadhani ni furaha. Mkopo ulikuwa wa miaka ishirini na mitano, na mkataba ulisema hakuna atakayeuza nusu yake bila saini ya mwenzake.

Siku ya tatu baada ya wao kuhamia, Bi Gulshan alikwenda Calgary kwa wiki mbili. Alimbusu Dorotea viganja, akatoka bila kugeuka nyuma. Wiki ya tano sasa, na simu yake haipokelewi.

Dorotea alibadilisha zamu. Kila siku saa kumi na nusu yuko nyuma ya kile kiti, amesimama wima. Shikamoo. Marahaba. Dakika moja, basi, anakwenda kupika. Leonce saa hizo huwa usingizini. Sara alipewa amri ya kukaa chumbani na kuvaa vile vya kusikilizia masikioni. Mtoto ukimkataza kusikiliza, unajua mwenyewe atafanya nini.

Jana theluji iliisimamisha treni katikati ya njia. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja kasoro robo... Dorotea alimpigia Leonce mara kumi na moja, hakuna jibu. Basi, alijituliza, si popote ulipo? Atakuja humu. Akasema shikamoo kwa sauti, ndani ya behewa, na abiria wakamgeukia. Alisubiri harufu.

Haikuja.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Hakufuatwa, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu.

Kutoka stesheni alikimbia njia yote. Aliufungua mlango. Sara alikuwa amesimama sebuleni, peku, mbele ya kile kiti, akimtazama usoni yule ambaye mama yake hajawahi kumwona uso. Na sauti ile ya kizee, polepole, kwa unyenyekevu wote, ilisema:

"Shikamoo."

"Sara! Usi—"

Na mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kumjibu mtu kwa Kiswahili, alijibu kwa Kiswahili safi kabisa.

"Marahaba."

Hita ikawaka. Kiti kilikuwa kitupu.

Sara aligeuka, akaona uso wa mama yake, midomo ikaanza kumtetemeka. "What? You said it's rude not to answer."

Leo Sara ana homa. Daktari kasema ni mafua ya kawaida, apewe maji, apumzike. Leonce kaenda kununua dawa, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mkewe amechoka.

Saa kumi na dakika arobaini. Dorotea amekikalia kile kiti yeye mwenyewe, mgongo mlangoni, mikono juu ya egemeo. Amefikiri usiku kucha. Haijui sheria ya kiumbe yule, na Calgary hakuna anayepokea simu. Anachojua ni kwamba humchukua aliyeitikia, na kwamba aliyeitikia mwisho huenda ndiye anayehesabiwa. Huenda.

Juu, Sara anakohoa.

Vumbi na mvua ya kwanza.

Pa...

Pa...

Ndala zinapanda kutoka besimenti, zinaingia sebuleni, zinasimama nyuma yake. Miaka thelathini na minne Dorotea hajawahi kumnyima mzee salamu. Leo amefumba mdomo, ameuma meno. Anangoja aamkiwe, aitikie yeye.