Kidonda cha Vilikesa Hakikuletwa na Mkewe

Kila asubuhi Vilikesa hushuka shambani kwake, hapa kisiwani Taveuni, kuchimba magimbi huku akivuta tumbaku. Siku moja alijikata mguu kwa panga. Wiki tatu zikapita, kidonda hakifungi. Mguu ulivimba, ukawa wa moto.

Alikwenda zahanati mara mbili. Mara zote alipewa vidonge vya maumivu, akarudishwa. Hakupimwa chochote.

Jumapili, nje ya kanisa, dada yake Salote alimfokea mke wa Vilikesa mbele ya watu.

"Akanisi! Umemfanyia nini kaka yangu?"

"Wifi, miaka kumi na sita namtunza. Leo mimi mchawi?"

Akanisi alimgeukia mumewe. Vilikesa aliinamisha kichwa, akanyamaza. Kimya kile kilimuuma mkewe kuliko matusi.

Kesho yake Akanisi alimleta nyumbani muuguzi mpya wa zahanati, Sista Litiana. Salote naye alikuwepo. Sista alimpima Vilikesa sukari.

"Una kisukari, tena kimepanda sana. Hukuambiwa?"

"Sijaambiwa. Nilikwenda zahanati mara mbili, nikapewa vidonge vya maumivu tu."

"Mara mbili, na hawakukupima? Ni aibu!" Sista alishusha pumzi. "Sikilizeni. Ndani ya mishipa ya damu kuna seli zilizotandikwa kama mkeka. Ukijikata, huwaita askari wa damu, huwanasa wakipita, kisha huwafungulia njia waende kupigana na vijidudu. Ndipo panapovimba. Kazi ikiisha, seli hizo huziba njia na uvimbe hushuka. Sukari nyingi na tumbaku huziumiza. Zinaita askari ovyo, uvimbe haushuki, na damu haifiki vizuri kidondani."

"Kwa hiyo si uchawi wa Akanisi?" Salote aliuliza.

"Uchawi gani? Angekatwa mguu huku mkimtukana mwanamke!"

Siku hiyo hiyo Vilikesa alipelekwa hospitali. Kidonda kilisafishwa, akapewa dawa za kuua vijidudu na za kushusha sukari. Hata hivyo, kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimeoza, kikakatwa. Aliacha tumbaku na chai ya sukari. Akapunguza magimbi, akaongeza samaki na mboga. Baada ya miezi miwili kidonda kilifunga.

Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa.

"Mke wangu alitukanwa hapa, nami nikanyamaza. Nimekosa. Kidole changu kimeliwa na sukari ambayo haikupimwa. Kesho Sista anapima watu. Dada, damu yetu ni moja, uwe wa kwanza."

Salote alimgeukia Akanisi. "Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza. Ila niombe radhi kwanza. Hapa hapa, kwa sauti."

Salote akaomba radhi, na watu wote wakasikia.