Mlinzi wa Tovuti ya Iddi

Sauda alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi ya pili, mumewe Iddi alipotokeza mlangoni na kompyuta kifuani kama aliyebeba kichanga.

"Iko hewani," alisema. "Mke wangu, tovuti iko hewani."

Sauda alikuwa anasikiliza uani, ambako binti yao Umi alikuwa akiruka kamba na kuimba. Wimbo ulikuwa umekatika katikati ya neno. Kamba ilikuwa chini, na mtoto amesimama wima, uso ukutani.

"Karibu," Umi aliuambia ukuta. "Salfa mifuko minne. Miteja."

Iddi alitazama kioo cha kompyuta, rangi ikamtoka. Oda ya kwanza ilikuwa imeingia: salfa ya kupulizia mikorosho, mifuko minne, mkulima wa Miteja.

Tovuti hiyo ilikuwa imemshinda tangu masika. Kila alipoipandisha kwenye seva za kukodi huko ughaibuni ilianguka, na sababu ilikuwa hapo hapo mbele yake, kwa maandishi mekundu. Iddi hakuyasoma. Kusoma kulimchosha. Chama cha wakulima kilichomwagiza aitengeneze kilikuwa kimeshamwambia kuwa ikipita Ijumaa, kazi atapewa mtu wa Dar.

"Umefanya nini?" Sauda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikwenda kwa fundi mmoja kule Kikole. Akaiwekea mlinzi tu."

"Mlinzi gani?"

"Jini. Lakini ni la Kiislamu. Halina shida."

"Alikuuliza tovuti inaitwaje?"

Watu wa huku huliita duka kwa jina la mtoto wa kwanza, na Iddi, asiyewahi kuwa na wazo lake mwenyewe, tovuti aliiita Umi. Fundi alisoma maneno yake juu ya jina hilo. Jini lingejuaje kuwa kuna Umi wa mtandaoni? Lilimwona Umi mmoja tu, likaenda kukaa kwake.

Harufu ya ubani ikaingia uani ingawa hapakuwa na chetezo, na chini yake harufu ya nywele zinazoungua, na kadiri habari za tovuti zilivyosambaa kwenye simu za wakulima ndivyo Umi alivyozidi kuongea, karibu, mifuko miwili, karibu, Mitwero, karibu, bila kuvuta pumzi, midomo ikikauka na kupasuka, mgongo wake ukivuma chini ya kiganja cha mama yake kama friji kuukuu, na macho yametulia mahali pamoja hata nzi alipotua juu ya jicho na kuanza kutembea.

"Ifute," Sauda alisema.

"Wateja ndiyo kwanza wanaingia."

"Iddi."

Iddi akabonyeza. Kompyuta ikamtaka aandike jina la tovuti ili kuthibitisha kwamba anaifuta. Akaandika Umi. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe, na Sauda akamdaka mkono.

"Unamfuta nani?"

Iddi alilitazama jina, akamtazama mtoto. Hakuwa amefikiria. Ndivyo alivyokuwa.

"Badilisha jina kwanza," Sauda alisema. "Weka lako."

"Langu?"

"Ulitaka mlinzi. Mchukue."

Aliandika jina lake, akahifadhi. Umi akakohoa, akaketi chini, akasema ana kiu. Sauda alimnywesha, akamkagua midomo na macho, akamshika mgongo. Ulikuwa kimya.

"Sasa futa."

Kompyuta iliuliza tena. Iddi akaandika jina lake, kidole kikasimama juu ya kitufe. Adhana ya magharibi ilianza, ikaisha, kidole kipo pale pale. Kwa jina la mtoto hakikusita.

"Naogopa," alinong'ona.

"Najua," Sauda alisema, akaenda kuchuja tui. Kulikuwa na watu wa kulisha.

Alipakua wali na samaki wa nazi, wakakaa mkekani. Umi alikula kwa pupa. Iddi alikaa mgongo umenyooka, tonge limesahaulika mkononi.

"Karibu," aliuambia mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu. "Mifuko sita. Kilwa."

Umi akajisogeza kwa mama yake. "Mama, baba anaongea na nani?"

"Na wateja wake. Usiache samaki."

Sauda alitazama mkeka mzima: mtoto, yeye mwenyewe, mume. Wote walikuwepo. Akamsogezea Iddi mchuzi kabla haujapoa.