Tofali Lisilotaka Maji

Kijijini kwetu, jirani na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, chungu cha wali hakiachwi wazi. Ukigeuka tu, majivu yameshatua. Watoto wa chekechea hula nje, na majivu hayo wanayameza. Tukilalamika, wenye mitambo hujibu, "Ni vumbi tu." Wao hula ndani, nyuma ya vioo.

Mkaza mwanangu Jhunu na wenzake wakaamua kufyatua matofali kwa majivu hayohayo, wawazungushie watoto ukuta kabla ya mvua. Saruji hawakutia. Lakini matofali ya kwanza yalimomonyoka kama mkate uliolowa.

Mkandarasi mmoja, jina lake Nakula, akacheka. "Mama zangu, rudini jikoni. Majivu ni ya kusugulia sufuria."

Tukamwita fundi Minati, aliyewafundisha kina Jhunu kazi hiyo. Akaokota kipande, akakifinya.

"Nani kayamwagia maji?"

"Mimi," alisema Jhunu. "Asubuhi na jioni. Tofali bichi si hunyweshwa?"

"La saruji, ndiyo, dada. Hili hukazwa na dawa yake. Ukilimwagia maji, dawa inaoshwa, inakwenda zake."

"Na dawa yenyewe ya dukani ni ghali," nikasema.

"Ndiyo maana safari hii tutaipika wenyewe, bibi. Kinu cha mpunga kinatupa majivu ya pumba kila siku. Chagueni yale meupe, laini. Meusi hayajaiva. Yaliyoungua kwa moto mkali mno ni magumu, hayayeyuki."

Wakavaa glovu na miwani. Jhunu akashika ndoo ya maji aimiminie kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni.

"Acha!" Minati akamshika mkono. "Kostiki ndiyo huingia majini, kidogokidogo. Ukimwaga maji juu yake, itakurukia usoni. Na sufuria iwe ya chuma. Ya alumini italiwa."

Wakatia majivu ya pumba, wakachemsha polepole wakikoroga, wakachuja. Yakatoka maji mazito, yanayoteleza, ndiyo dawa yenyewe. Wakayachanganya na majivu ya mitambo, wakafyatua, wakafunika kwa nailoni juani. Hakuna aliyeyamwagia hata tone.

Yalikauka, na yalipogongwa yakalia kama chungu kilichochomwa vizuri. Ukuta ukasimama, tukaezeka paa, mvua ikaja, na ukuta haukutikisika. Watoto sasa wanakula wali mweupe.

Juzi alikuja bwana wa mitambo na kopo la rangi, aandike ukutani jina la kampuni.

"Kaka," Jhunu akamwambia, "lile jalala lenu la majivu bado liko wazi. Kalifunike kwanza, jina uliandike kulekule."

Akaondoka na kopo lake.