Onesmus Aonyeshwa Utumbo Wake

Onesmus, Mkenya wa Kitui, ni mlinzi wa ghala huko Jebel Ali, Dubai. Ni mtu wa utani. Hata madereva wa malori humtafuta wapate kucheka. Lakini alikuwa akipata choo chenye damu, na hilo hakumwambia mtu. Mkewe Lois, mhudumu wa mkahawa mtaani Oud Metha, aliona damu kwenye nguo alipokuwa akifua.

"Ni bawasiri tu," Onesmus alisema. "Sisi walinzi tunakaa sana."

"Baba yako pia alisema ni bawasiri. Tukamzika na saratani ya utumbo."

Onesmus alifunga mlango. Kisha akasema, "Wakiandika hiyo kitu kwa kompyuta, viza imeenda. Khalas, basi. Tutarudi Kitui na nini?"

Wengi wetu tuliokuja huku kufanya kazi tuna hofu hiyo. Tulipimwa ili tupate viza, basi tangu hapo kila kipimo tunakiona kama tiketi ya kurudishwa nyumbani.

Lois alimburuta hadi kliniki. Muuguzi Ghania, wa familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai miaka mingi, aliuliza, "Kwenu yupo aliyeugua utumbo?"

"Hakuna," Onesmus alijibu upesi. Lois akamkanyaga mguu.

"Sawa, ni baba. Lakini sista, tafadhali usiandike."

"Kaka yangu, kipimo cha viza hutafuta maradhi ya kuambukiza. Haya hayaambukizi. Sisi huandika alama fupi za herufi na tarakimu. Moja husema kwa nini umepimwa, nyingine husema kilichoonekana. Ukimficha baba, alama yake haitaandikwa, na daktari hatajua akupime tena lini. Alama hizo madaktari wa nchi nyingi wanazielewa."

"Hata Kitui?"

"Hata Kitui."

Daktari aliagiza utumbo utazamwe kwa kamera, basi Onesmus akanywa dawa ya kusafisha tumbo. Alishinda chooni mpaka utani ukamwisha. Kesho yake alichomwa dawa ya usingizi. Kamera nyembamba ikapitishwa njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mpana. Hakusikia lolote.

Alipoamka, daktari alimwonyesha picha. Ilikuwa njia ya rangi ya waridi, yenye mikunjo, safi na inayong'aa. Onesmus alishika mdomo kwa mshangao.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Pembeni palikuwa na kivimbe, kidogo kama punje ya maharagwe. Kwenye picha iliyofuata hakikuwepo.

"Kimeenda wapi?"

"Tumekikata ukikoroma," daktari alisema.

Machozi yalimtoka Onesmus, wala hakuyaficha.

Maabara ilikuta kwamba hakikuwa saratani, ila kingeachwa kingeweza kuwa saratani. Ghania aliandika alama ya kivimbe na alama ya ugonjwa wa baba. Daktari akapanga kipimo kijacho. Onesmus amerudi kazini, na viza yake haikuguswa.

Jioni alimpigia simu mdogo wake, Fanuel, aliyeko Kitui.

"Fanuel, kile kilichomuua baba huanza na kivimbe kidogo kama punje ya maharagwe. Changu kimetolewa nikiwa nimelala!"

Fanuel akauliza, "Nikienda hospitali kesho, niwaambie nini?"

"Waambie kuhusu baba," alisema Onesmus. "Usifiche."